Kuwinda bata mzinga mwitu kwa gobore: mwongozo wa anayeanza

Kila mwaka ikifika Machi maswali yanaanza upya. Gobore linaua bata mzinga kweli, au ni la maonyesho? Baruti nitie kiasi gani? Mbona langu linatapanya marisau (punje ndogo za kupigia) hovyo na la mwenzangu linakusanya? Nikiwa na grini kadi naruhusiwa? Nimeyajibu vipande vipande, kwa simu na kwa ujumbe wa sauti, na kila mara kuna kitu muhimu kinachosahaulika. Kwa hiyo naandika yote mahali pamoja, kwa ajili ya kaka na dada zetu walioko Marekani wanaotaka kuingia msituni msimu huu na bunduki ya kushindilia.

Mifano yangu mingi ni ya Kentucky, maana ndiko ninakowinda. Bata mzinga mwitu wako katika majimbo yote ya Marekani isipokuwa Alaska, na hatua ni zilezile popote. Kinachobadilika ni kanuni za jimbo.

Jambo moja likubali kabla hujatoa hata senti: gobore la marisau ni silaha ya karibu. Magobore mengi yana mtutu wenye upana uleule mwanzo hadi mwisho, haukubanwa mdomoni kama shotgani za kisasa za bata mzinga, kwa hiyo punje hutawanyika mapema. Linaua kwa uhakika hadi yadi 20 au 25, yaani mita 18 hadi 23. Ukisikia mtu kapiga yadi 50, ama bunduki yake imebanwa mdomo na kujaribiwa sana kwenye karatasi, ama alibahatisha, na anayebahatisha huacha ndege wengi wakienda kufia vichakani. Tena una mlio mmoja tu. Ukiwa na mitutu pacha, miwili. Ndiyo sababu sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu karatasi ya shabaha na kukaa kimya chini ya mti.

KABLA YA YOTE: KIBALI

Nunua leseni ya uwindaji ya jimbo lako na kibali cha bata mzinga. Mara nyingi ni vitu viwili tofauti. Majimbo hudai pia cheti cha mafunzo ya usalama wa uwindaji. Kentucky inakidai kwa aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1975 au baadaye. Hata kama umri unakusamehe, soma kozi hiyo. Ni ya siku chache na itakufundisha mambo ambayo makala haiwezi.

Kuhusu uhamiaji: mwenye grini kadi kwa sheria ya shirikisho anaruhusiwa kumiliki bunduki. Mwenye viza ya muda kwa kawaida amekatazwa, isipokuwa kwa masharti maalumu, mojawapo likiwa leseni halali ya uwindaji. Utasikia watu wakisema gobore "si silaha" kisheria. Ni kweli kwamba sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 huyaweka magobore mengi katika kundi la silaha za kale, lakini yapo majimbo yanayoyahesabu kama bunduki nyingine yoyote. Ikiwa hali yako ya ukaazi ina utata wowote, ongea na mwanasheria wa uhamiaji kabla hujashika chochote. Kosa la silaha linaweza kukurudisha ulikotoka.

Kisha pakua kijitabu cha msimu cha jimbo lako ukisome mstari kwa mstari: tarehe, saa, ukubwa wa marisau unaoruhusiwa, idadi ya ndege. Kentucky msimu wa kawaida wa majira ya kuchipua hufunguliwa Jumamosi iliyo karibu zaidi na tarehe 15 Aprili, huchukua siku 23, na anayewindwa ni dume au ndege yeyote mwenye ndevu za kifuani zinazoonekana. Majimbo mengine hufunga uwindaji wa kila siku saa sita au saa saba mchana. Usiulize rafiki, soma mwenyewe, maana kanuni hubadilika.

VITU VYA KUWA NAVYO

- Gobore lenyewe, geji 12 kama ndiyo mara yako ya kwanza (geji ni kipimo cha upana wa mtutu), lenye fataki, yaani kikofia kidogo cha kuwashia baruti. Pedersoli wa Italia hutengeneza mitutu pacha ya geji 10, 12 na 20. Kwenye maduka ya mitumba utakuta Thompson/Center New Englander ya mtutu mmoja, na Knight TK2000 iliyotengenezwa hasa kwa ajili ya bata mzinga, mdomo ukiwa umebanwa. La jiwe la gumegume liache kwanza. Bunduki kuukuu ya urithi isipigwe mpaka fundi wa silaha aikague mtutu.
- Baruti nyeusi ya ukubwa unaoandikwa FFg, au mbadala wake kama Pyrodex RS. Maduka mengi hayaweki baruti nyeusi halisi kwa sababu ya masharti ya uhifadhi, hivyo Pyrodex ndiyo rahisi kupatikana.
- Kipimo cha baruti cha shaba kinachorekebishika, chenye alama za greni, kipimo kidogo kinachotumika kwa baruti.
- Marisau ya risasi namba 5 au 6. Ya chuma cha pua usiyatie kwenye mtutu wa zamani, yanaukwangua.
- Vizibo vya aina tatu: kadi ngumu ya unene wa inchi 1/8, kizibo laini cha nyuzi, na kadi nyembamba ya kufunika juu. Vyote viwe vya geji yako.
- Fataki, spana ya chuchu (kichuma chenye tundu kinachovikwa fataki), na sindano ya kuzibulia chuchu.
- Mdeki (ufito wa kushindilia) imara wenye skrubu ya kuvutia vizibo, na matambara ya pamba.
- Nguo za mabaka za rangi ya msitu, glavu, na kitambaa cha kuficha uso. Pasiwe na nyekundu, nyeupe wala buluu popote mwilini, hata soksi. Hizo ndizo rangi za kichwa cha dume, na mwindaji mwenye pupa akiziona zikichezacheza kichakani anaweza kufyatua.
- Fulana au kofia ya rangi ya chungwa kali ya kuvaa unapotembea.
- Kifaa cha kuitia. Anza na kijisanduku cha mbao chenye kifuniko cha kusugua. Mtoto anaweza kukipiga. Kibao cha jiwe na kijiti kina sauti tamu zaidi lakini kinataka mazoezi, na kiwambo cha mdomoni kinataka mazoezi mengi.
- Miwani ya kinga na vizibo vya masikio kwa siku za majaribio.

ONYO KUBWA KULIKO YOTE. Gobore halitiwi baruti ya kisasa isiyo na moshi, hata kidogo, hata ikichanganywa. Shinikizo lake hupasua mtutu usoni mwako. Kopo likiwa halina lebo, usilitumie.

HATUA KWA HATUA

1. Hakikisha mtutu ni mtupu. Tumbukiza mdeki hadi ugonge chuma. Utasikia mlio wa chuma kwa chuma. Chora alama kwenye mdeki usawa wa mdomo wa mtutu. Hiyo ndiyo alama ya "tupu", na baadaye utaweka ya pili ya "imejaa". Alama hizi mbili ndizo zitakazokuzuia kushindilia shehena (baruti, vizibo na marisau) juu ya shehena, kosa ambalo hutokea mtu akizungumzishwa katikati ya kazi.

2. Kausha mafuta. Bunduki iliyohifadhiwa vizuri ina mafuta ndani, na mafuta huua baruti. Pitisha matambara makavu mpaka litoke safi. Kisha vika fataki chuchuni, elekeza mdomo wa mtutu karibu na jani kavu lililo chini, fyatua. Jani likiruka, njia ya moto ni wazi. Lisiporuka, vua chuchu uizibue. Kwa mitutu pacha jaribu kila upande peke yake.

3. Mimina baruti. Toka kwenye kopo au pembe kwenda kwenye kipimo, toka kwenye kipimo kwenda mtutuni. Usimimine kamwe moja kwa moja kutoka kwenye pembe: cheche iliyosalia mtutuni ikiikuta, pembe nzima italipuka mkononi. Kwa geji 12 anza na greni 70 na upande polepole hadi 80 au 90, bila kuvuka kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye kitabu cha bunduki yako. Hizi ni greni za ujazo. Pyrodex nayo hupimwa kwa ujazo uleule wa baruti nyeusi, haipimwi kwenye mizani. Triple Seven, mbadala mwingine wa baruti nyeusi, ina nguvu zaidi. Mtengenezaji wake anasema punguza asilimia 15.

4. Shindilia kadi ngumu. Mtutu uliobanwa mdomo utaikatalia, basi iingize kwa ubavu, ikishapita ilaze kwa mdeki. Hewa itabanwa chini yake. Tundu dogo la sindano katikati ya kadi linasaidia. Isukume mpaka ikae juu ya baruti kabisa. Nafasi ya wazi kati ya baruti na shehena ni hatari kwa mtutu. Katika kazi hii yote mdomo wa bunduki uelekee mbali nawe, na mdeki ushike kwa vidole, usiufunike kwa kiganja.

5. Tia kizibo laini, kilicholoweshwa kidogo kwa mafuta ya zeituni au mchanganyiko wa nta na mafuta ya wanyama. Kidogo, kisitone. Kazi yake ni kulainisha masizi ili mlio wa pili uingie bila taabu. Wengi hukikata nusu ya unene, na nitaeleza kwa nini chini.

6. Tia marisau kwa kipimo kilekile ulichotumia kwa baruti. Hii ndiyo kanuni ya wazee wa gobore na bado haijashindwa: ujazo sawa kwa ujazo sawa. Kipimo kilichowekwa greni 80 hubeba marisau ya takriban aunsi 1 na 1/8. Cha greni 90, karibu aunsi 1 na 1/4.

7. Funika kwa kadi nyembamba. Ibane vizuri, kwa sababu ndiyo peke yake inayozuia marisau yasimwagike ukiinamisha bunduki. Sasa tumbukiza mdeki na uweke alama ya "imejaa".

8. Nenda kwenye karatasi. Hapa ndipo wengi wanapokosa subira, na hapa ndipo windo linapoamuliwa. Bandika karatasi kubwa, upana wa inchi 30 au zaidi, chora katikati kichwa na shingo ya bata mzinga kwa ukubwa wake halisi, na mduara wa inchi 10 kukizunguka. Kaa chini, mgongo kwenye kitu, vilevile utakavyokaa msituni, kwa sababu bunduki hupiga tofauti kidogo ukiwa umesimama. Piga kwa yadi 15. Hesabu punje zilizoingia kwenye mduara, kisha zile zilizogonga fuvu na mfupa wa shingo uliouchora. Badilisha karatasi, rudi yadi 20, kisha 25, kisha 30.

Andika kila kitu: baruti kiasi gani, kizibo gani, marisau namba ngapi. Badilisha kitu kimoja tu kila mara, la sivyo hutajua kipi kilichosaidia. Mimi natafuta umbali ambao kila karatasi, si moja kati ya tano, ina punje nyingi kwenye fuvu na shingo na haina pengo la kupitisha ngumi. Umbali wa mwisho uliofaulu ndio wako. Kama ni yadi 22, basi wewe ni mwindaji wa yadi 22 msimu huu, na dume akisimama yadi 30 akikutazama, hupigi.

Mitutu pacha isikudanganye: kushoto na kulia huweza kupiga mahali tofauti. Pima yote miwili, ujue upi unakusanya zaidi, na huo ndio wa kufyatua kwanza. Kati ya mlio na mlio pitisha tambara lenye unyevu ili kuzima cheche na kulainisha masizi, subiri kidogo, ndipo umimine tena. Usipulize kwa mdomo ndani ya mtutu. Na unapojaza upande mmoja huku mwingine una shehena, vua fataki ya ule mwingine kwanza.

Ukikwama na ukahitaji mtu wa kukuonyesha kwa mikono, watu wa gobore Marekani ni wakarimu kupita kiasi. Chama chao cha kitaifa, NMLRA, kilianzishwa mwaka 1933, na uwanja wake uko Friendship, Indiana, safari ya gari isiyo ndefu kutoka Louisville. Wana mashindano majira ya kuchipua na majira ya vuli. Nenda, salimia, uliza.

9. Mtafute ndege kabla ya siku yenyewe. Bata mzinga hulala juu ya miti mikubwa. Jioni jua linapozama, au alfajiri kabla halijachomoza, simama kwenye kilima usikilize. Dume hulia golo-golo-golo kwa nguvu inayosikika mbali sana, na mara nyingi hujibu sauti yoyote ya ghafla: bundi, kunguru, hata mlango wa gari. Wawindaji huiga bundi kwa sababu hiyo. Wewe usiige mlio wa dume, kwa maana utawaita wawindaji wenzako na bunduki zao. Mchana tafuta nyayo za vidole vitatu, manyoya, vumbi walilogaagaa, na majani yaliyochakurwa chini ya mialoni.

10. Kaa mahali pazuri, mapema. Katikati ya Aprili, Louisville jua huchomoza saa moja na dakika chache asubuhi, na Kentucky inaruhusu kupiga nusu saa kabla ya hapo. Saa kumi na mbili kamili uwe umeshakaa. Sogea hadi kama yadi 100 kutoka mti aliolala dume, taratibu, bila taa kali. Ukisogea zaidi atakuona.

Chagua mti mpana kuliko mabega yako, wenye urefu kupita kichwa chako, uegemeze mgongo. Mti huo unakuficha na unakukinga na mwindaji aliye nyuma. Ukiwa unatumia bega la kulia, bega la kushoto lielekee unakotarajia ndege atokee. Weka bunduki juu ya goti. Sasa pima hatua hadi umbali wako wa mwisho, mbele na pembeni, na uchomeke vijiti au uchague shina la kukumbuka. Ukiweka ndege wa bandia, mweke yadi 15, ndani kabisa ya uwezo wako. Dume akimfuata atakuwa amekwisha ingia. Bandia abebwe ndani ya mfuko, na awe mahali ambapo unaona mbali nyuma yake, ili mwindaji mwingine anayemnyemelea asikulenge wewe.

Fataki ivikwe sasa, ukiwa umekaa, si ndani ya gari wala ukiwa njiani. Majimbo mengi huhesabu gobore lisilo na fataki kuwa halijajazwa, lakini hakikisha kwenye kijitabu.

Ukiona mwindaji mwingine anakuja, usipunge mkono wala usilie kama ndege. Mwite kwa sauti ya kibinadamu, kubwa. Windo la asubuhi hiyo limeharibika, na ni sawa.

11. Mwite kidogo, kisha nyamaza. Sauti ya msingi ni ya jike anayeita: kyo, kyo, kyo, mara tano hadi saba, laini. Alfajiri akiwa bado mtini, mwite mara moja au mbili, polepole sana. Akijibu, weka kifaa chini. Anajua ulipo kwa usahihi wa ajabu. Anayeanza hupenda kuita na kuita kwa sababu kujibiwa kunasisimua, lakini kwa kawaida ni jike anayemwendea dume, na ukizidi kuita, dume husimama palepale akingoja umfuate. Ukinyamaza, udadisi humleta.

Macho yake ndiyo adui yako. Anaona rangi, na macho yake yako pembeni mwa kichwa kiasi kwamba karibu anaona hadi nyuma yake. Harufu haimsaidii sana, basi upepo usikusumbue. Mbu akikuuma, vumilia.

12. Mpige akiwa na shingo ndefu. Atakuja ametanua mkia kama kipepeo cha mkaa, mbawa zikiburura, kichwa kimeiva nyekundu na buluu, utosi mweupe. Moyo utapiga. Usimpige akiwa hivyo, maana shingo imejikunja ndani ya manyoya na punje zitaishia kifuani, ambako manyoya mazito na nyama humlinda asife upesi. Nyundo ya bunduki, inayogonga fataki, uivute akipita nyuma ya mti, kwa kuwa mlio wake anausikia. Akishavuka kijiti chako, toa sauti moja kali kwa kifaa cha kuitia, tuk! Atanyanyua kichwa kuangalia. Shanga ya mbele iwe katikati ya shingo, shavu limekaa kwenye kitako, vuta triga kwa upole na uendelee kulenga hata baada ya mlio. Baruti nyeusi hukawia kidogo kuliko ya kisasa.

Angalia pia nyuma yake. Dume huja na wenzake, na punje zinazomkosa zinaweza kumuua wa pili.

13. Mfuate haraka ukiwa salama. Moshi mweupe utakufunika na hutaona kitu. Inama au sogea pembeni uone chini yake. Ukiwa na mtutu wa pili wenye shehena, rudisha nyundo yake taratibu kabla hujainuka. Nenda kwa hatua ndefu bila kukimbia, mdomo wa bunduki ukielekea pembeni, na ukanyage shingo. Usimshike miguu akiwa bado anapiga mbawa: kipi, ule mwiba wa mguuni, cha dume mzima kina urefu wa inchi moja au zaidi na hupasua mkono.

Waislamu huniuliza kuhusu kuchinja. Wengi hutaja jina la Mwenyezi Mungu wanapofyatua, na hubeba kisu kikali ili wakimkuta yu hai wamchinje hapohapo. Yako maelezo zaidi ya kifikihi kuhusu windo la marisau, hivyo muulize sheikh wako kabla ya msimu, si ukiwa umemshika ndege.

Jaza kumbukumbu ya windo kabla hujamwondoa alipoangukia. Kentucky hutaka hivyo, kisha uripoti kwa Telecheck, mfumo wa jimbo wa kuripoti windo, kabla ya saa sita usiku siku hiyohiyo. Mbebe ndani ya mfuko au umfunge kitambaa cha rangi ya chungwa. Ndege aliyekufa begani mwako anaonekana kama aliye hai.

14. Safisha bunduki siku hiyohiyo, kabla ya kulala. Masizi ya baruti nyeusi yana chumvi zinazovuta unyevu, na mtutu unaweza kushika kutu usiku mmoja. Mafuta peke yake hayaondoi chumvi. Vua chuchu, vua mtutu kwenye kitako kama unavuliwa, simamisha shina lake ndani ya ndoo ya maji ya moto na sabuni, na usukume mdeki wenye tambara juu na chini, ukiyavuta maji na kuyarudisha, mpaka yawe meupe. Suuza, kausha, paka mafuta ndani na nje. Kesho yake pitisha tambara jeupe tena. Likitoka na wekundu, rudia.

Kuhusu nyama: kifua kikate vipande vyembamba kwa kukinzana na nyuzi, kipikwe upesi. Mapaja ni magumu na yana mishipa migumu kama vijiti. Yachemshe polepole kwa tangawizi na kitunguu saumu kwa muda wa saa tatu au nne, uyachambue, na supu yake ipikie wali. Tafuna kwa uangalifu, punje huwa zimebaki.

MAMBO YAKIENDA MRAMA

Fataki imelia, bunduki haikulia. Usiishushe. Ielekeze palipo salama na uhesabu dakika mbili kamili, kwani moto huweza kuwa unatambaa. Kisha vika fataki mpya. Ikikataa tena, subiri tena, zibua tundu la chuchu kwa sindano, jaribu mara nyingine. Bado? Subiri, vua chuchu, chomeka punje chache za baruti chini yake, irudishe na ufyatue kuelekea palipo salama.

Nimesahau baruti, nimeshindilia marisau tu. Ni njia ileile: vua chuchu, tia baruti kidogo kwa tundu hilo, irudishe, sukuma shehena yote hadi chini kwa mdeki, kisha fyatua mahali salama. Ukiona alama ya mdeki haisomi sawa na hujui kilichomo ndani, usijaribu kuifyatua, mpelekee fundi.

Karatasi ina tundu tupu katikati na punje zimezunguka. Ni baruti nyingi, au kizibo laini kinachotoka kwa kasi na kuyasukuma marisau kando. Punguza greni 5 au 10, kata kizibo nusu, au tumia kadi ngumu pekee. Hili ndilo tatizo la kawaida kuliko yote, na tiba yake karibu kila mara ni kupunguza, wala si kuongeza.

Punje ni chache, zimesambaa kote. Jaribu marisau madogo zaidi kama kanuni za jimbo zinaruhusu, au jaribu kikombe cha plastiki cha kushika marisau. Kikombe husaidia baadhi ya mitutu, ila plastiki huyeyuka na kuacha utando, hivyo usafi uongezeke. Visiposaidia, fupisha umbali wako.

Mdeki umeanza kukwama baada ya milio michache. Masizi. Tambara lenye unyevu kila baada ya mlio, na kizibo kiwe na mafuta zaidi kidogo.

Mvua imenyesha. Funika mtambo wa kufyatulia kwa kipande cha ngozi iliyopakwa mafuta, mdomo uelekee chini kidogo. Kama una shaka kwamba shehena imelowa, vua fataki, ivute kwa skrubu ya mdeki au ifyatue palipo salama, kausha, uanze upya. Usiiingize nyumbani bunduki yenye shehena.

Mtutu wa pili ulikaa na shehena baada ya wa kwanza kulia. Kabla ya kuutumia tena, vua fataki na upime kwa mdeki. Mshindo huweza kuisogeza kadi ya juu, na marisau yaliyosogea mbele ya baruti ni hatari kwa mtutu.

Dume amesimama yadi 60 analia tu, haji. Nyamaza nusu saa. Akiondoka, usimkimbize. Kesho yake kaa upande ule aliosimama, sio ulipokaa leo. Mara nyingi kuna kijito, uzio au kichaka kinene kati yenu asichotaka kuvuka.

Nimempiga akaruka. Tazama mwelekeo mpaka apotee, weka alama pale aliposimama, jaza bunduki kwa utaratibu wote bila kuruka hatua, kisha fuata. Tafuta manyoya na damu, na pekua chini ya magogo yaliyoanguka na ndani ya vichaka vizito. Bata mzinga aliyejeruhiwa hujibanza. Omba ruhusa kama kavuka mpaka wa shamba la mtu. Tenga siku nzima kwa kumtafuta, na jioni rudi na lile gobore kwenye karatasi uone kama umbali wako ni ule unaodhani.